Kabla Mtu Hajafika kwa Hakimu: Uhuru wa Mahakama na Utawala wa Sheria katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Mada kwa semina ya madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wazee wa baraza na wasaidizi wa kisheria



Mada za uhuru wa mahakama huanzia Dodoma: nani anateua majaji, bajeti inatoka wapi, Jaji Mkuu ana ulinzi gani. Hayo yana uzito wake. Ila Ibara ya 107B, iliyoingia katika Katiba yetu mwaka 2000, haikuwataja majaji peke yao. Inasema mahakama zote ni huru katika kutoa haki, na zinafungwa na Katiba na sheria za nchi tu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo huku kwetu, mwenye meza moja na karani mmoja, analindwa na ibara hiyo sawasawa na jaji wa Mahakama ya Rufani.

Kwa hiyo nitabaki huku kwetu. Ninachokiona katika wilaya hizi mbili ni kwamba haki nyingi hupotea kabla mtu hajafika kwa hakimu. Hupotea kwenye kikao cha ukoo, kwenye ofisi ya mtendaji, kwenye mkutano wa hadhara, na mara nyingine juu ya lori la operesheni ya kuwaondoa wahamiaji. Hakimu anaweza kuwa huru kabisa na asiwe na la kufanya, kwa sababu shauri halikumfikia.

Wazee waliomo humu wanajua kwamba kutenganisha mtawala na mwamuzi si jambo la kale katika nchi hii. Enzi za ufalme uliokuwa na makao yake Bweranyange, Omukama wa Karagwe, yaani mfalme, ndiye aliyetawala na ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mwisho. Wakoloni walipokuja waliuacha mfumo huo uendelee chini yao: mahakama za wenyeji zikabaki mikononi mwa machifu, na juu ya chifu akakaa afisa wa serikali. Aliyekutoza kodi ndiye aliyekuhukumu. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria iliyoleta Mahakama za Mwanzo na kuziweka chini ya Mahakama, nje ya mamlaka ya watawala. Tunasimulia sana bendera na wimbo wa taifa, lakini mimi naiona hatua hiyo kuwa sehemu ya uhuru iliyomgusa mwananchi wa Nyabiyonza au Kaisho moja kwa moja. Sasa aliweza kumshtaki mkubwa wake mbele ya mtu ambaye si mkubwa wake.

Mahakama iliyo huru inaweza kufanya nini? Mfano mzuri haupo mbali, uko kwa jirani zetu wa Muleba. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, akamuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hana mamlaka ya kuiuza. Mila hiyo haikuwa maneno ya vilabuni. Ilikuwa imeandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mdai. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikakataa: ilisema Katiba sasa ina Hati ya Haki za Binadamu, na haki hizo ni za wanawake na wanaume sawa. Shauri likapanda Mahakama Kuu Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile ni ya kibaguzi na inakiuka Ibara ya 13 ya Katiba, na kwamba mauzo ni halali. Ndugu wa ukoo aliyetaka kuikomboa ardhi ile alipewa miezi sita airudishe ile 300,000.

Wanasheria humsifu jaji, na anastahili. Mimi nawaomba mumfikirie hakimu wa wilaya. Hati ya Haki iliingia katika Katiba mwaka 1984 na ikaanza kutumika mahakamani mwaka 1988 tu. Hakimu yule alifanya kazi hapohapo Muleba, katikati ya koo zenye mila ileile, akaamua kinyume na mila hiyo.  Aliisoma Katiba akaifuata. Bila yeye, jaji asingekuwa na hukumu ya kuunga mkono.

Sasa tuje kwenye vibanja vyetu, yaani mashamba yetu ya kahawa na migomba. Mume akifariki Karagwe au Kyerwa, shauri la kwanza ni la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Mjane anajaza Fomu Namba 1 kuomba usimamizi. Karani anamwuliza cheti cha kifo, halafu anamwuliza muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao hicho kinaitishwa na nani? Na shemeji zake, ambao baadhi yao wameshaanza kuhesabu mikahawa na migomba ya marehemu. Asipokubali kugawana, hapati sahihi zao. Asipopata sahihi, anaambiwa faili halijakamilika. Mahakama Kuu imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba muhtasari wa ukoo si sharti la kisheria. Ukoo unaweza kusikilizwa, na mwenye pingamizi aje alitoe mahakamani mbele ya hakimu. Lakini mjane wa kijijini hajaisoma hukumu yoyote. Anarudi nyumbani, na msimu ujao kahawa inavunwa na wengine. Ndugu wasaidizi wa kisheria, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 imewatambua ninyi kwa ajili ya mtu wa namna hii. Msindikizeni mpaka mezani kwa karani.

Suala la pili ni gumu zaidi kulisema mbele ya viongozi, lakini semina haina maana tukilikwepa. Sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe, endapo kuna sababu ya kuamini kwamba atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Mtu huyo lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, la sivyo aachiwe. Mamlaka hayo yamewekwa kwa hatari ya vurugu. Hayakuwekwa kwa mwalimu aliyechelewa kikao, mkulima aliyejibu kwa sauti ya juu, wala mdaiwa wa michango. Mtu anayewekwa ndani siku mbili kisha anaachiwa bila kumwona hakimu amekwisha kuadhibiwa, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Hapo linaingia jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Sheria ya uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati za maadili za kupokea malalamiko dhidi ya mahakimu, na mwenyekiti wa kamati ya wilaya akawa mkuu wa wilaya. Nakubali kwamba hakimu mla rushwa lazima awe na pa kushtakiwa. Tena asiyeridhika na hukumu ana njia ya rufaa ndani ya siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya, kwa hiyo kamati haipaswi kugusa hukumu. Hata hivyo, hakimu anayetakiwa kuamua kama amri ya mkuu wa wilaya ilikuwa halali, huku akijua nani anaongoza kikao cha kumjadili yeye, amebebeshwa mzigo usio wa lazima. Wenzetu wa 1963 walimtoa mtawala kwenye kiti cha hukumu. Tusimrudishe kwa mlango wa kamati. Mwenyekiti angeweza kuwa mtu asiye na mamlaka ya kukamata.

Siwezi kumaliza bila kutaja mwaka 2013. Mwishoni mwa Julai Rais Kikwete aliwataka wahamiaji haramu mkoani Kagera waondoke, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwasaka na kuwaondoa. Sababu zake zilikuwa za kweli: ujambazi wa silaha barabarani na makundi makubwa ya mifugo kutoka ng'ambo. Lakini wilaya hizi zinapakana na Rwanda na Uganda, na Mto Kagera haujawahi kuzuia watu kuoana. Kati ya maelfu waliovuka mpaka wamo waliosema wamezaliwa hapa, na familia zilitengana, mume upande huu, mke upande ule. Nani aliamua kwamba huyu ni raia na yule si raia? Mara nyingi ni uvumi wa kijiji, sura ya mtu, au ugomvi wa mpaka wa kibanja. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Anudo dhidi ya Tanzania, lililotokea Manyara na si hapa, kwamba mtu aliyekuwa akitambuliwa na nchi kama raia hawezi kuvuliwa uraia na kufukuzwa bila kusikilizwa na chombo huru, na kwamba ni juu ya Serikali kuthibitisha kuwa yeye si raia. Kanuni hiyo ingekuwa mkononi mwa watendaji wetu mwaka 2013, mambo yangekwenda vingine kwa watu wengi.

Kuhusu mahakimu wenyewe nitasema jambo moja tu. Hakimu kijana akipangiwa kituo huku, anatafuta nyumba ya kupanga, na wenye nyumba nzuri ni wanunuzi wa kahawa na wafanyabiashara walewale wenye mashauri. Nyumba ya hakimu iliyojengwa jirani na mahakama ni ulinzi wa haki, kama ilivyo ibara ya Katiba. Waheshimiwa madiwani, mnapokaa kupanga viwanja, tengeni vya mahakama na vya makazi ya mahakimu.

Kwa watendaji nina ombi ambalo halihitaji fedha wala sheria mpya. Kila ofisi ya kijiji na kata ifungue daftari la watu waliokamatwa. Jina, saa aliyokamatwa, nani aliamuru, kosa gani chini ya sheria gani, alipelekwa kituo kipi na saa ngapi. Mgambo akileta mtu, aandikwe kabla hajaketi. Diwani akipita kwenye kata yake, alifungue na kulisoma. Na ndugu wa aliyekamatwa akija kuuliza, aonyeshwe ukurasa.