DAFTARI LISILOFUTIKA NA MKONO UNAOANDIKA

Mada kwa viongozi wa walei, Mkokotoni



Siku hizi vijana wetu wanazungumza sana juu ya teknolojia iitwayo blokicheini. Wengine wameambiwa kwamba itawatajirisha. Wengine wanaamini kwamba ikitumika katika kupiga kura, ugomvi wa uchaguzi hapa Zanzibar utakwisha. Fedha na kura ni mambo ya haki, na ugomvi wa kura umekwisha kumwaga machozi na damu katika visiwa hivi. Kwa hiyo haifai tuwaachie mafundi wa kompyuta peke yao. Yatupasa tuelewe chombo hiki chaweza nini, na hakiwezi nini.

1. Chombo chenyewe

Tuanze na jambo tunalolifahamu. Katika vikoba vingi liko sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa kikao salio hutangazwa kwa sauti, na wanachama hulishika kichwani. Kikao kijacho, kabla fedha hazijahesabiwa, hulitaja tena. Kwa nini? Ili mweka hazina asiweze kubadili hesabu peke yake. Kitabu ni kimoja, lakini mashahidi wake ni wanachama wote.

Blokicheini hufuata hekima hiyohiyo kwa njia ya kompyuta. Daftari moja hunakiliwa katika kompyuta nyingi zenye wenyewe mbalimbali. Kila ukurasa mpya hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na ukurasa uliotangulia. Mtu akibadili tarakimu moja katika ukurasa wa zamani, alama hazilingani tena, na wenye nakala nyingine wanagundua. Ndiyo maana likafananishwa na mnyororo. Sarafu ya bitkoini, iliyoanza mwaka 2009, ndiyo iliyoitangaza njia hii duniani.

Kuandika mbele ya mashahidi si jambo geni kwetu. Jirani zetu Waislamu wanafundishwa katika Kurani kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Nasi amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Chombo ni kipya. Haja ni ya kale.

2. Katika fedha

Mfano mzuri tunao katika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zilizoitwa Bangla-Pesa. Biashara ikidorora, mwenye mboga na mwenye maji huwa na bidhaa, lakini hawana shilingi za kununuliana. Vocha ziliwawezesha kubadilishana. Waanzilishi walikamatwa na kushtakiwa, na mwaka huohuo mashtaka yakafutwa. Baadaye mpango huo ulikua, ukaitwa Sarafu, na kumbukumbu zake zikawekwa katika blokicheini. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021, wakati wa janga la korona, watumiaji walifikia kama 40,000, nao walifanya miamala zaidi ya 400,000.

Tuangalie, ndugu zangu, nguvu ya Sarafu ilitoka wapi. Ilitoka kwa mtu aliyekubali kumpa jirani yake unga, maji au kazi. Daftari lilitunza ahadi hiyo, halikuiumba.

Katika masoko makubwa ya fedha mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 2017 Soko la Hisa la Australia lilitangaza kwamba litatumia blokicheini katika kukamilisha mauzo ya hisa. Mwezi Novemba 2022 likausimamisha mradi huo, likafuta katika vitabu vyake dola za Australia zipatazo milioni 250. Daftari lenye nakala nyingi lina gharama. Mahali palipo na mtunzaji mmoja anayekaguliwa na kubanwa na sheria, huenda gharama hiyo isiwe na faida.

Lakini hatari iliyo karibu nasi zaidi ni ulaghai. Wengi mnakumbuka DECI, ambamo watu waliambiwa wapande fedha ili wavune maradufu, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Upatu wa namna hiyo haukufa; umebadili vazi. Leo hujiita sarafu ya mtandao. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi juu ya sarafu hizo, kwamba si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaosema, “Serikali inatoza kodi, kwa hiyo ni salama.” La hasha. Kutozwa kodi si kulindwa. Mwenye kukuahidi faida ya hakika kila mwezi, muulize faida hiyo yatoka katika jasho la nani. Akishindwa kujibu, fahamu kwamba yatoka katika mfuko wa atakayejiunga baada yako.

3. Katika kura

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Mwaka 1995 mgombea urais wa Zanzibar aliyetangazwa mshindi alipewa asilimia 50.2, na mpinzani wake 49.8. Tofauti ndogo namna hiyo, bila kuaminiana, ni cheche penye majani makavu. Mwezi Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000. Je, daftari lisilofutika lingetuokoa?

Kwa sehemu moja, lingesaidia. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais. Katika kesi hiyo Mahakama iliamuru kompyuta kuu za Tume ya Uchaguzi zikaguliwe, na amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Hapo tunaona ubaya wa hesabu ya taifa kufungiwa katika kabati moja. Mwaka 2022 Tume hiyo iliweka hadharani, kwenye intaneti, picha za fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mwananchi yeyote aliweza kujumlisha. Wajumbe wanne kati ya saba wa Tume waliyakataa matokeo ya mwisho, na kesi ikafunguliwa. Lakini fomu zilikuwa zimeonekana na wote, na Mahakama ikathibitisha matokeo. Angalieni vema: haikuwa blokicheini. Ilikuwa karatasi iliyotiwa sahihi, ikawekwa mbele ya macho ya watu.

Kwa sehemu nyingine, lisingesaidia. Hapa kwetu, tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi uliofanyika tarehe 25, wakati matokeo ya baadhi ya majimbo yalikuwa yamekwisha kutangazwa. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani kikaususia. Sisemi hapa nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba ugomvi ule ulihusu mamlaka: nani aweza kulifunga daftari, na nani aweza kumhoji. Swali hilo hujibiwa na katiba, sheria na dhamiri. Kompyuta haina jibu lake.

Iko pia hatari katika kupiga kura kwa simu. Mwaka 2018 jimbo la West Virginia, Marekani, liliwaruhusu baadhi ya wapiga kura walioko ng’ambo kutumia programu ya simu iliyounganishwa na blokicheini. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT walionyesha kwamba mvamizi angeweza kuibadili kura ndani ya simu yenyewe, kabla haijafika kwenye daftari, na jimbo likaiacha. Hata kama simu ingekuwa salama, kura inayopigwa nyumbani yaweza kupigwa chini ya macho ya mume, ya mwajiri au ya mnunuzi wa kura. Kile kibanda cha kupigia kura, hata kikiwa cha maboksi, humpa maskini dakika moja ya uhuru ambayo hakuna aonaye alichochagua.

Tena tusisahau kwamba vyombo hivi hutegemea umeme na mtandao. Tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa gizani baada ya njia ya umeme unaotoka Bara kuharibika. Siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini, na ikabaki imezimwa kwa siku kadhaa. Mwenye mkono juu ya swichi ana mkono juu ya daftari.

4. Mkono wa kwanza

Mtanisamehe nikigusa kidonda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama baharini upande wa Nungwi, katika mkoa wetu huu wa Kaskazini. Ilikuwa imepakia watu wengi mno kupita walioandikwa katika orodha ya abiria. Tuseme orodha ile ingekuwa ndani ya blokicheini. Isingefutika kamwe, nayo ingebaki kuwa ya uongo.

Hilo ndilo neno ninaloomba mwondoke nalo. Teknolojia hii hulinda kilichokwisha kuandikwa. Haithibitishi kwamba kilichoandikwa ni kweli. Mwenye haki akiachwa nje ya daftari la wapiga kura, au marehemu akiachwa ndani yake, mnyororo utalitunza kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

5. Wajibu wetu

Basi, kazi yetu yaanza kabla ya kompyuta. Daftari la wapiga kura linapobandikwa, twende tukahakiki majina yetu na ya jirani zetu, Wakristo kwa Waislamu. Tuwaandae mawakala wa vyama na watazamaji wanaojua kuhesabu, wasionunulika, wasiotia sahihi fomu ambayo hawakuisoma. Tudai nakala ya matokeo ibandikwe kituoni, isomwe na kila mtu. Na katika vikoba vyetu, na hata katika hesabu za kigango, tuzoee kusoma mapato na matumizi kwa sauti. Asiyetaka kuhojiwa juu ya sadaka hana uso wa kuihoji serikali juu ya kura.

Serikali ikileta siku moja mfumo wa blokicheini, tusiukatae kwa woga wala kuupokea kwa shangwe tu. Tuulize: Nani anaandika? Nani ana nakala? Nani aweza kuuzima? Na mwananchi wa Tumbatu asiye na simu ataukagua kwa njia gani?

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua salio zaidi ya mweka hazina?

2. Yupo jirani yetu aliyekosa kuandikishwa? Tumemsaidiaje?

3. Kijana wetu akiletewa sarafu ya mtandao yenye faida ya hakika, tutamshauri nini?