Kipimo cha Tairi kwa Lori Livutalo Tela
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Tumekusanyika hapa Mpanda kutoka pande zote za Mkoa wetu wa Katavi, ili kusherehekea miaka 10 ya Chama Kikuu chetu. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za bei, za mbegu na za mbolea. Sisi wa ofisi tumepewa fungu la uchukuzi, na katika uchukuzi tumechagua jambo moja tu, nalo ni kipimo cha tairi la lori livutalo tela. Huenda wako watakaosema kuwa hilo ni jambo la dereva na fundi. Tunawaomba wavumilie kidogo, kwa maana jambo hili litaletwa mbele yao wenyewe katika Mkutano Mkuu ujao, nao ndio watakaolipigia kura.

Maombi yaliyofika ofisini ni mawili, nayo yanavutana. Wanachama wa bonde la mpunga, upande wa Mamba, Majimoto na Usevya, wanaomba lori la Chama livishwe matairi marefu na manene zaidi, lipate kupita katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Wanachama wa sehemu za juu, wenye tumbaku na mahindi, wanaomba lori hilo hilo lifungiwe tela, lichukue shehena mbili kwa safari moja. Maombi yote mawili ni ya haki. Lakini lori ni moja, na fedha ni zile zile zilizokatwa katika kila kilo ya mazao mliyoiuza. Kwa hiyo yafaa tujue kwanza tairi hufanya kazi gani, ndipo tuamue.

Kazi ya kwanza ya tairi ni kubeba. Mzigo wote wa lori, pamoja na chuma chake, hukaa juu ya upepo uliofungwa ndani ya matairi. Kila tairi lina mpaka wa uzito liwezao kuubeba, na mpaka huo umeandikwa ubavuni mwake. Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 295/80R22.5 152/148M. Namba 295 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 80 ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kwa kila sehemu 100 za upana. Herufi R yaonyesha kuwa nyuzi za ndani zimenyooshwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kwa namna iitwayo radial. Namba 22.5 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Matairi ya mtindo wa zamani huandikwa kwa ufupi zaidi: 10.00R20 maana yake ni upana wa inchi 10 na ringi ya inchi 20.

Wengi wetu huishia hapo, na hapo ndipo penye hatari. Namba mbili zinazofuata, 152/148, ndizo zisemazo uzito. Ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake, kama la mbele. Ya pili ni ya tairi likiwa pacha, kama ya nyuma. Namba hizi si kilo zenyewe, bali ni alama za kutazamwa katika jedwali la kimataifa. Alama 152 ni kilo 3,550, na alama 148 ni kilo 3,150. Herufi ya mwisho ni mpaka wa mwendo: K ni kilomita 110 kwa saa, L ni 120, na M ni 130.

Sasa tufanye hesabu ambayo kila mkulima aweza kuifanya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari yaruhusu tani 8 juu ya ekseli ya usukani, tani 10 juu ya ekseli moja yenye matairi manne, na tani 18 juu ya ekseli mbili zilizofuatana zenye matairi manane. Chukueni ekseli ya nyuma yenye matairi manne ya 9.00R20 yaliyoandikwa 141/139. Alama 139 ni kilo 2,430. Mara nne ni kilo 9,720. Kama ekseli hiyo itapakiwa tani 10 zinazoruhusiwa, imekwisha kuzidiwa kwa kilo 280, yaani karibu magunia matatu ya mahindi ya kilo 100. Mizani ya barabarani italiacha lori hilo lipite, kwa sababu sheria ya barabara haikuvunjwa. Tairi halitalisamehe. Litapata moto, nyuzi zake zitalegea, na siku moja litapasuka. Lakini 10.00R20 lenye alama 146/143 hubeba kilo 2,725 kila moja likiwa pacha, na manne hubeba kilo 10,900. Hilo latosha, na akiba inabaki.

Hapo tela huingia. Matela ni ya namna mbili, nayo hayalemei lori sawasawa. Tela lenye ekseli mbele na nyuma, lifungwalo kwa mkono wa chuma, hubeba uzito wake lenyewe. Lori hulivuta tu. Lakini tela lisilo na magurudumu ya mbele huegemea juu ya gari livutalo, na sehemu kubwa ya mzigo wake hushuka juu ya ekseli za nyuma za gari hilo. Hata tela dogo la trekta lenye ekseli moja hukandamiza hoki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tairi lipi, yatupasa kuuliza: tela lipi? Uzito ulio juu ya kila ekseli upimwe tela likiwa limefungwa na limepakiwa, kisha ndipo alama ya tairi itafutwe.

Kazi ya pili ya tairi ni kuvuta, na hapa ndipo maombi mawili yanapogombana. Nguvu ya injini hupita katika gia na difu, mwisho hufika pale tairi linapogusa ardhi. Tairi likiwa refu, nguvu ile ile hupungua ifikapo chini, sawa na mtu ashikaye jembe la mpini mrefu mno: mkono ni ule ule, lakini pigo ni dhaifu. Tairi la 9.00R20 lina kimo cha milimita 1,019 hivi, la 11.00R20 lina milimita 1,085 hivi. Anayelitoa la kwanza na kulitia la pili amepunguza nguvu ya kuvuta kwa kadiri ya sehemu 6 katika 100, bila kugusa injini. Spidomita nayo itamdanganya dereva: ikionyesha 80, mwendo wa kweli ni 85.

Sehemu 6 katika 100 zaweza kuonekana haba kwa lori tupu katika barabara ya tambarare. Lakini fikirini mzigo utokao Karema. Ziwa Tanganyika liko kadiri ya mita 770 juu ya bahari, na mji wa Mpanda uko juu ya mita 1,000. Kila gunia litokalo ziwani hupandishwa kilima. Lori lenye tela lililopungukiwa na nguvu litapanda kwa gia ya chini kabisa, litachoma mafuta, na klachi itaungua. Na litakaporudi, breki zitakuwa na kazi kubwa zaidi, kwa maana tairi refu huzidi kuipinga breki vile vile lilivyoipinga injini. Juu ya shehena hiyo huketi utingo na wapakiaji, ambao ni vijana wetu wenyewe.

Tena, tairi kubwa haliingii mahali pa dogo kwa kupenda kwetu. Tairi la 9.00 hukaa juu ya ringi ya upana wa inchi 7, la 11.00 hutaka inchi 8. Likilazimishwa juu ya ringi nyembamba, hukaa vibaya na kuliwa upande mmoja. Matairi pacha nayo yakinenepa hukaribiana, husuguana mbavu na kubana mawe katikati. Wala haifai kuunganisha pacha refu na fupi, au jipya na lililolika: refu hubeba mzigo wa mwenziwe, fupi huburuzwa, na yote mawili hufa kabla ya wakati.

Je, wenzetu wa mbuga waachwe matopeni? La, hasha. Udongo mweusi ukilowa haushindwi kwa kimo cha tairi. Lori lenye shehena litazama tu, na likiwa na tela litazama zaidi. Dawa yake ni kugawa kazi. Trekta, ambalo limeumbwa kwa shamba na lina matairi mapana yenye meno marefu, litoe mpunga shambani hadi ghala lililo juu ya ardhi kavu kando ya barabara. Hapo lori na tela vingoje. Kwa matairi ya lori yenyewe, yatosha kuchagua yenye meno makubwa kwa ekseli ya nyuma ivutayo, na yenye mistari iliyonyooka kwa ekseli ya usukani, yote kwa kipimo kile kile kilichowekwa na mtengenezaji wa lori. Kipimo hicho huandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi katika kibati kilichopigiliwa mlangoni au katika chasisi.

Sasa neno juu ya ununuzi. Zamani kilikuwapo kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, kilichoanza kutengeneza matairi mwaka 1971 na kusimama mwaka 2009. Siku hizi madukani huonekana matairi ya nchi nyingi na ya majina mengi, na vipimo vinavyofanana kwa sura vyaweza kutofautiana kwa alama ya uzito. Kwa hiyo mnunuzi wa Chama asiende dukani na neno "tairi la Fuso" au "tairi la Scania." Aende na karatasi iliyoandikwa kipimo, alama ya uzito, na herufi ya mwendo. Atazame pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3523 maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukilala stoo, na tairi la zamani lililong'arishwa si jipya.

Tairi likisha kufungwa, upepo upimwe kwa geji asubuhi, kabla lori halijaenda na tairi halijapata moto. Kulipiga teke au kuligonga kwa nyundo si kupima. Ule uzito ulioandikwa ubavuni hupatikana kwa upepo uliotajwa tu. Upepo ukipungua, mpaka wa uzito nao hushuka. Kutoka Sitalike barabara ya kwenda Sumbawanga hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapo si mahali pa kubadili tairi usiku huku tembo na simba wakipita.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ofisi yaleta mashauri manne. Kwanza, lori la Chama libaki na kipimo cha mtengenezaji, na alama ya uzito isipungue mzigo uliopimwa tela likiwa limefungwa. Pili, fedha ambazo zingenunua matairi makubwa na ringi zake ziwekwe katika kukodi matrekta ya kutoa mpunga mbugani wakati wa masika. Tatu, kila tairi liwe na ukurasa wake katika daftari: namba yake, siku liliponunuliwa, mahali lilipofungwa, kilomita lilizokwenda, na sababu ya kuondolewa. Nne, daftari hilo liwe wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kulisoma.

Twajua kuwa lori refu lililosimama juu ya matairi manene hupendeza macho, na watoto hulikimbilia. Lakini Chama chetu hakikuundwa ili kipendeze barabarani. Kiliundwa ili jasho la mkulima lifike sokoni bila kupungua njiani. Tutakapopiga kura, kila mmoja wetu na akumbuke hesabu ile ya magunia matatu, kwa maana tairi haliulizi limezidiwa na mzigo wa nani.