MAJI NDANI YA PETROLI: NI KOSA LA NANI?

(Hotuba kwa wanachama wanaotunza bustani na viwanja)



Nimeombwa niseme juu ya mashine ya kukata majani. Huenda wengine wakasema hayo ni mambo ya mafundi, si ya chama. Ngojeni kidogo, mtaona kuwa ni mambo ya mshahara.

Mwaka mmoja, mvua zilipoanza baada ya kiangazi, niliitoa mashine stoo. Nikavuta kamba mpaka mkono ukaniuma, haikuwaka. Fundi akamimina petroli katika chupa, na chini ya chupa tukaona kitu kama maji. Tajiri akasema, "Wewe umeuza petroli ukajaza maji." Sikuwa na la kujibu. Nikakatwa mshahara, nikanyamaza. Leo ningejibu, ndiyo sababu nimesimama hapa.

Petroli katika nchi nyingi huchanganywa na ethanoli, yaani spiriti inayotengenezwa kwa miwa au mahindi. Marekani petroli nyingi ina ethanoli sehemu 10 katika 100. Malawi walianza kuchanganya mwaka 1982, na hapa Kenya spiriti ya Muhoroni ilichanganywa na petroli katika miaka ya 1980. Ukitaka kujua habari ya petroli yako, pima mwenyewe. Tia maji kidogo katika chupa nyembamba ya kioo, weka alama yanapofika, ongeza petroli mpya, funga, tikisa, kisha acha itulie. Maji yakipanda kupita alama, petroli ina spiriti. Yakibaki palepale, haina. Petroli hiyo ya kupimia usiirudishe katika tangi.

Spiriti hupenda maji, hata huyavuta kutoka hewani. Lita 1 ya petroli yenye spiriti sehemu 10 katika 100, penye joto la digrii 15, hubeba maji kiasi cha kijiko 1 cha chai. Yakizidi hapo, spiriti huiacha petroli, hushikana na maji, na vyote huzama chini. Basi lile tabaka la chini huwa na spiriti nyingi kuliko maji. Tajiri akiliona hudhani umemimina kikombe kizima, kumbe yalioingia ni vijiko vichache. Kama petroli haina spiriti, yaliyo chini ni maji yenyewe. Lakini hata hapo chupa haisemi ni nani aliyeyatia. Maji huingia kwa mfuniko uliolegea, kwa debe lililowekwa chini ya paa linalovuja, na kwa kuosha mashine kwa mpira.

Tena petroli huchacha. Ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi huruka hewani, na inayobaki hufanya utomvu unaoziba matundu madogo ya kabureta. Hapo mashine haiwaki ijapokuwa hakuna hata tone la maji.

Basi fanyeni hivi:

1. Mashine ipoe, iwe nje, pasiwe na sigara wala moto. Chomoa waya wa plagi.

2. Mimina petroli yote katika chupa ya kioo, utazame. Ikiwa na tabaka mbili, au imekuwa nyeusi na inanuka vibaya, usiitumie tena. Kuongeza petroli mpya au dawa ya dukani hakuiponyi, maana hata ile ya juu imepoteza nguvu yake pamoja na spiriti. Usiimwage mtaroni wala majanini. Itie katika chombo chenye mfuniko, uipeleke gereji inayopokea mafuta machafu.

3. Fungua bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta, toa yaliyomo, futa utomvu na unga mweupe. Tundu dogo lisafishwe kwa dawa ya kabureta na kupulizwa. Usilichokoe kwa waya wa chuma, utalipanua.

4. Tia petroli mpya. Nunueni ya siku 30 tu, na tarehe iandikwe juu ya jerikani. Kabla mashine haijawekwa kwa muda mrefu, toa petroli katika tangi, kisha iache injini iunguruma mpaka ife yenyewe. Dawa ya kuhifadhi hutiwa katika petroli mpya, iliyochacha haifufuki.

Sasa juu ya mshahara. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Sikieni neno hilo: makusudi. Unyevu wa hewa si makusudi yako. Paa la stoo linalovuja si makusudi yako. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla hujafukuzwa kwa kosa ni lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoifahamu, na unayo haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzako au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo.

Lakini haki bila ushahidi ni ngumu kuishika. Kila mmoja wenu awe na daftari. Andikeni siku petroli ilipoletwa, nani aliileta, ilitoka stesheni gani, na siku mashine ilipowekwa. Paa likivuja, mwambieni tajiri, na tarehe mliyomwambia iandikwe. Siku utakaposhitakiwa, usigombane na usitie sahihi kukubali kosa usilolifanya. Omba petroli ipimwe mbele yenu wote, kisha mwite mwakilishi.

Mimi nilikuwa peke yangu, tena sikujua. Ninyi mnajua, na hamko peke yenu.