Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kipini



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya mashindano. Agizo hilo halikuja bure. Katika mkutano uliopita baadhi ya wazee waliuliza kama yafaa chama kiendelee kuwapa tuzo watoto wanaotangulia shuleni, na kikombe kwa timu ya mpira inayoshinda, ikiwa mambo hayo yanatia kijicho baina ya nyumba na nyumba, na baina ya kijiji na kijiji. Swali hilo ni la haki. Twaomba ruhusa tulijibu kwa mambo yanayojulikana katika nchi yetu wenyewe.

Tuanze hapa hapa tulipo. Wazee wametupokeza ya kwamba Fumo Liongo, shujaa na mshairi, amezikwa katika nchi hii ya Kipini na Ozi. Habari zake zilitungiwa utendi na Muhamadi Kijuma wa Lamu katika mwaka wa 1913, na watoto wetu wazisoma hata leo. Yasimuliwa kwamba watu walikula kikoa cha makoma: kila mtu kwa zamu yake alipanda mkoma akawaangushia wenzake matunda. Waliomhusudu Liongo walinuia kumpiga mishale itakapofika zamu yake, naye yuko juu mtini, mikono yake haina silaha. Liongo alitambua. Zamu yake ilipofika alisimama chini, akavuta upinde, akayaangusha makoma kwa mshale. Mwishowe aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa mke, kwa sindano ya shaba kitovuni.

Ndugu zetu, tuangalie jambo moja katika kisa hiki. Mtu aliyetaka kushindana na Liongo angalijifunza kuvuta upinde, na nchi ingalipata wapiga upinde wawili. Wale waliokaa chini ya mkoma walitaka asiwepo hata mmoja. Tena kikoa, kilichokuwa desturi ya watu kulishana, walikigeuza kuwa mtego. Hapo ndipo mpaka ulipo kati ya mashindano na husuda: mshindani hutaka kuzidi, hasidi hutaka mwenziwe apungue.

Mpaka huo twauona pia katika ngoma za zamani. Wazee wakumbuka habari za beni zilizoenea pwani nzima, na katika Tanganyika Marini na Arinoti walivyoshindana kwa mavazi, kwa magwaride na kwa karamu. Wako waliojitia katika deni kwa ajili ya sifa za siku moja, na hilo lilikuwa baya. Lakini vyama hivyo hivyo viliwauguza wagonjwa wao na kuwazika maiti wao. Tukizitupa sifa, tusiutupe na msaada.

Katika michezo tumeona faida zilizo wazi. Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage mwaka wa 1926. Baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaingia, na watu ambao wasingalijuana walijuana uwanjani. Mwaka wa 1964 Wilson Kiprugut alitupatia nishani yetu ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo, nayo ilikuwa ya shaba. Hakuona haya kuwa wa tatu. Miaka minne baadaye, Mexico, alipata ya fedha. Kadhalika mwaka wa 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa muda usiotimia saa mbili. Siku hiyo hakuwa na mpinzani wa kushindana naye, lakini hakukimbia peke yake: wakimbiaji hodari walipokezana kumtangulia na kumkinga upepo. Hata aliye mbele ya wote ahitaji wenziwe.

Katika kazi tutasema ya kwetu, ingawa ni aibu. Zamani kidogo tulikuwa karani katika ofisi moja, na mwenzetu mmoja alikuwa hodari kuliko sisi. Ilipotangazwa kwamba mmoja wetu atapandishwa cheo, tulilificha daftari lake, ili aonekane mvivu. Asubuhi ile alikuja mzee mmoja kutoka vijiji vya juu ya mto kutafuta karatasi zake. Akaambiwa daftari halionekani, arudi kesho. Akalala barazani kwa watu. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, mpaka nauli yake ikamwishia. Siku ya tatu tulilirudisha daftari mahali pake, na hakuna aliyetugundua. Cheo hatukukipata, wala hatukustahili. Tulidhani twamshinda karani mwenzetu, kumbe tuliyemshinda ni mzee asiyekuwamo katika mashindano yetu.

Na hilo, wazee wetu, ndilo lililotupata sote katika nchi hii. Twalitaja kwa unyenyekevu, si kwa kufukua makaburi. Mkulima ataka shamba lililo ukingoni mwa mto. Mfugaji ataka malka, njia ya ng'ombe wake kuyafikia maji. Wote wawili wana haja ya kweli. Lakini tangu Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, shindano hilo lilipokosa mwamuzi, na siasa za uchaguzi zikalichochea, watu zaidi ya 100 waliuawa katika Delta ya Tana, wakiwamo wanawake na watoto. Vijiji vilichomwa. Hakuna aliyeshinda. Mashindano yasiyo na sheria, yasiyo na mwamuzi, na yasiyo na mwisho unaokubaliwa na pande zote, hayo ni vita hata kabla ya silaha kutolewa.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Tusiwaondolee vijana mashindano, maana hapo ndipo wanapojifunza kutii kipenga na kumpa mkono aliyewashinda. Ila tuyatengeneze. Kwanza, timu zisipangwe kwa kabila wala kwa kijiji. Wachezaji wagawanywe kwa kura. Pili, pamoja na tuzo ya mtoto anayeongoza, iwepo tuzo ya mtoto aliyezidi alama zake mwenyewe za mwaka uliopita. Tatu, baada ya mchezo walioshinda na walioshindwa wakae pamoja wale kikoa, kila upande ukileta chakula chake, na wazee wawe wa kwanza kunawa. Hivyo tutakirudisha kikoa katika heshima yake.

Wahenga wamesema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Rai hii sasa iko mikononi mwenu, mwipigie kura. Mkiikubali, tutafurahi. Mkiikataa, nasi tutakuwa wa kwanza kuwapa mkono walioipinga, na kesho asubuhi tutafika kazini pamoja nao.