Nauli ya Kurudi Kwanza

Leo sianzi na UKIMWI, naanza na nauli.

Umeitwa kwenye usaili wa shule Dar, na wewe uko Msimbati. Kutoka Mtwara mjini, ndege ni kama saa moja tu. Basi ni zaidi ya kilomita 550, kutwa nzima. Tena siku hizi afadhali: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tulivuka kwa kivuko, na masika magari yalilala pale pale.

Ukitaka ndege, usingoje wiki ya usaili. Ukipata barua tu, kaulize bei, maana tiketi ya mapema mara nyingi ni nafuu. Uliza pia ukibadilisha siku utatozwa kiasi gani. Shule nazo huahirisha. Beba begi dogo, uzito ukizidi unalipia. Halafu piga simu shuleni: usaili hauwezi kufanyika kwa simu? Kuuliza si ujinga.

Mimi nilikwenda kwa basi, na nauli ya kwenda tu. Ya kurudi, nikasema, Mungu atajua. Usaili ukaisha saa kumi, mfuko mtupu. Mzee mmoja, rika la baba yangu, akanipa lifti mpaka Lindi. Njiani akasema tutalala Kibiti, chumba kimoja. Gari liliposimama Mbagala nikashuka mbio. Shangazi wa rafiki yangu ndiye aliyenipa nauli.

Kwa hiyo ikipungua, mwambie mama au mwalimu kabla hujaondoka. Safari ya pili, ya kurudi niliishona kwenye pindo la sketi.