Plastiki ya Hospitali na Wajibu wa Mkazi



Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Wengi huuliza: mbona hospitalini plastiki ingalipo kila mahali? Kanuni zile ziliacha nje vifungashio vya huduma za afya, na sababu yake yafaa ielezwe.

Wazee wetu wanazikumbuka sindano za kioo, zilizochemshwa na kutumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Muda wa kuchemsha ulipopunguzwa, maradhi yaliweza kuhama kutoka mwili hadi mwili. Damu nayo ilihifadhiwa katika chupa za kioo. Ndiyo maana hadi leo twasema "chupa ya damu", ilhali Mpango wa Taifa wa Damu Salama hukusanya damu katika mifuko ya plastiki laini. Mfuko huo hauvunjiki, nao hunywea kadiri damu inavyotoka, bila kuhitaji kuingiza hewa ya nje.

Bomba la sindano hutengenezwa kwa polipropilini. Plastiki hii ni angavu, hivyo muuguzi huona kipimo cha dawa. Tena ni nafuu, hivyo bomba laweza kutumika mara moja tu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalihimiza kwamba hadi mwisho wa mwaka 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe. Ndani ya bomba hilo mna kizuizi: likishasukumwa hadi mwisho, halivutiki tena.

Hata hivyo, bomba hujifunga lakini ncha ya sindano hubaki kali. Na bomba la insulini litumikalo nyumbani kwa kawaida halijifungi kabisa. Likitupwa katika kiroba cha taka, litamchoma mzoa taka wa mtaani, au kijana aokotaye chupa za kuuza, au mtoto achezaye kando ya mfereji. Mchomo mmoja waweza kuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Kuchoma taka hizo uani si suluhisho: mipira ya dripu iliyotengenezwa kwa PVC hutoa dioksini, sumu inayodumu muda mrefu katika udongo na katika miili yetu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mnapochomwa sindano, ombeni pakiti ifunguliwe mbele ya macho yenu. Hiyo ni haki yenu, wala si utovu wa adabu. Pili, mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani atie sindano zilizotumika, bila kuzirudishia kifuniko, ndani ya dumu gumu lenye mfuniko. Likijaa robo tatu, alifunge na kuwauliza wauguzi wa zahanati au kituo cha afya cha karibu namna ya kulikabidhi. Tatu, chupa na mipira ya dripu isigeuzwe vyombo vya mafuta ya taa wala vya juisi.

Plastiki hii imetuondolea hatari kubwa wodini. Tusiihamishie hatari hiyo kwa yule anayetuzolea taka.