Kayamba la Mtoto

Jioni hii napenda kunena nanyi habari za kayamba, chombo wakijuacho sana Wagiriama na jamaa zao wa pwani ya Kenya. Hakihitaji fedha; mtoto aweza kukitengeneza pamoja na babaye au mamaye.

Twaeni matete membamba makavu, yakateni yalingane urefu, mkayafume kwa uzi yawe kama vijamvi viwili. Kati yake wekeni fito pande zote, mimineni konzi ya mbegu, kisha fungeni kingo barabara. Kikitikiswa huku na huku, mbegu hulia kama mvua.

Lakini angalieni! Mbegu za mtipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi, hupendeza macho, ila zina sumu. Mtoto akitafuna hata moja aweza kufa. Tieni mahindi au choroko. Hata hizo zisimwagike mbele ya mtoto mchanga, asije akapaliwa.

Kazi ikiisha, imbeni naye, kwanza polepole, kisha upesi. Mara nyingine mwacheni aongoze yeye, nanyi mfuate. Ndivyo sikio lake lijifunzavyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwaherini.